Mpwapwa: mji mdogo uliozaliwa na kijito

Mpwapwa imeandikwa kwenye ramani za Afrika ya kati tangu miaka ya 1870, kabla Dodoma haijawa mji. Watu wa misafara, wamisionari, askari wa Kijerumani, wapiganaji wa Bushiri na majeshi ya Waingereza wote walipita hapo. Hata hivyo, leo Mpwapwa ni makao makuu ya wilaya yenye mitaa michache, na Dodoma ndiyo jiji na makao makuu ya nchi.

Kwa nini mji uliotangulia ukabaki mdogo? Una watu wangapi hasa? Katika makala haya tunaeleza historia ya Mpwapwa na hesabu za watu wake, na tunaonyesha jinsi mambo hayo mawili yanavyofungamana na jambo la tatu, yaani maji.

MAHALI ULIPO

Kutoka Chang'ombe hapa Dodoma mjini hadi Mpwapwa ni safari ya kilomita 120 hivi. Unatoka kwa barabara kuu ya Morogoro hadi Mbande, unakata kwenda Kongwa, kisha unazunguka milima hadi Mpwapwa. Mji uko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, chini ya milima ya Kiboriani.

Milima hiyo ndiyo mama wa mji. Mawingu yanayotoka upande wa bahari huachia mvua kidogo zaidi juu ya milima kuliko kwenye tambarare za Ugogo. Maji hujikusanya, hutiririka kwenye kijito na kupita mjini yakielekea kusini, kwenye bonde la mto Kinyasungwe. Wakati wa kiangazi kijito hubaki mchanga mtupu kwa juu, lakini ukichimba chini ya mchanga maji yapo.

Jina la zamani la mahali hapo ni Mhamvwa. Wageni walioshindwa kulitamka waliliandika kila mmoja kwa namna yake. Ramani za Wajerumani zilisema Mpapua, na mwishowe likakaa Mpwapwa.

Wenyeji wa wilaya ni Wagogo kwa wingi, pamoja na Wakaguru na Wasagara upande wa mashariki, na Wahehe upande wa kusini. Wafugaji wanaohamahama nao wamekuwa wakipita na kukaa humo miaka mingi. Kwa hiyo Mpwapwa iko mpakani, mahali ambapo milima ya Usagara inaishia na tambarare ya Ugogo inaanza.

MAJI YA MWISHO KABLA YA MARENGA MKALI

Katika karne ya 19 misafara ya biashara ilitoka Bagamoyo na miji mingine ya pwani kwenda Tabora na Ujiji. Ilipeleka nguo, shanga na waya bara, na kurudi na pembe za ndovu na watumwa. Mizigo ilibebwa vichwani na mabegani na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Msafara mkubwa ulikuwa na mamia ya watu, na wote walihitaji kula na kunywa kila siku.

Magharibi ya Mpwapwa, ukishapita Chunyu, njia iliingia katika nyika iliyojulikana kama Marenga Mkali, maana yake maji makali. Ilikuwa nchi ya vichaka na miiba yenye urefu wa karibu kilomita 50 isiyo na maji ya kutegemea. Misafara iliivuka kwa terekeza, yaani watu waliondoka mchana jua likianza kupungua, wakatembea hadi usiku, wakalala bila maji na kuendelea alfajiri. Baada ya hapo walifika Ugogo kwenye watemi waliodai hongo kabla ya kuruhusu msafara kupita au kuteka maji.

Ndiyo maana Mpwapwa ilikuwa na thamani. Hapo wapagazi walipumzika, wagonjwa waliachwa, vibuyu vilijazwa na chakula kilinunuliwa. Henry Morton Stanley alipita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, akasifu maziwa, asali na vyakula alivyovikuta baada ya safari ngumu. Alimwacha hapo mwenzake mgonjwa, William Farquhar, ambaye alifariki hapo hapo. Cameron alipita mwaka 1873, na Stanley akarudi tena mwishoni mwa 1874 katika safari yake ya pili.

Wenyeji nao walinufaika. Mwenye mtama, kuku, mbuzi au samli aliviuza kwa nguo. Lakini misafara ilileta pia ndui na magonjwa mengine, na baadhi yake ilipora mashamba ilipokosa chakula. Hivyo watu walijenga mbali kidogo na njia, upande wa vilima, na sokoni walishuka walipotaka.

MISHENI, KAMPUNI NA NGOME

Mwaka 1876 shirika la misheni la Kianglikana, CMS, lilituma watu wake wa kwanza kwenda Uganda kupitia njia hiyo ya misafara. Walihitaji kituo cha kupumzikia kati ya pwani na ziwa, na wakachagua Mpwapwa. Kituo kilianzishwa mwaka huo huo, kikaachwa, kisha mwaka 1878 kikafunguliwa upya na Dk. Edward Baxter na Joseph Last. Hivyo Mpwapwa ikawa miongoni mwa vituo vya kwanza vya misheni ya Kianglikana katika bara la Tanzania ya leo. Sababu ilikuwa ile ile ya wapagazi, yaani maji, chakula na hewa ya milimani.

Baada ya wamisionari ikaja Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, ambayo nayo ilifungua kituo Mpwapwa kulinda njia. Mwaka 1888 watu wa pwani waliinuka dhidi ya kampuni hiyo. Mmoja wa viongozi wao, Bushiri bin Salim, aliposukumwa kutoka pwani alikwenda bara, na katikati ya mwaka 1889 kikosi chake kilikishambulia kituo cha Mpwapwa. Mjerumani mmoja aliuawa, mwingine akatoroka, na kituo cha misheni kilichokuwa karibu nacho kikaharibiwa.

Serikali ya Ujerumani ilimtuma Hermann von Wissmann kuuzima upinzani. Mwishoni mwa 1889 alifika Mpwapwa na kujenga ngome ya mawe. Mwezi Novemba mwaka huo Stanley na Emin Pasha walipita hapo wakielekea Bagamoyo, na wakawakuta askari wa Kijerumani wamekwisha kaa. Bushiri alikamatwa na kunyongwa Pangani mwezi Desemba 1889.

Kuanzia hapo Mpwapwa ikawa mji wa serikali. Kulikuwa na boma, askari, kodi na hukumu. Lakini miaka iliyofuata ilikuwa migumu. Mapema katika miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliua sehemu kubwa ya ng'ombe katika Afrika Mashariki, na katika nchi ya wafugaji kama Ugogo hasara hiyo ilikuwa ni njaa moja kwa moja.

RELI ILIPOCHAGUA MTO MWINGINE

Hapa ndipo penye jibu la swali letu la kwanza. Mwaka 1905 Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Kilosa mwaka 1909 na Dodoma mwaka 1910. Mwaka 1912 ilikuwa Tabora, na mwaka 1914 Kigoma.

Garimoshi halipandi mlima kama mpagazi. Linatafuta mteremko mdogo, na mteremko mdogo hupatikana kwenye bonde la mto mkubwa. Kutoka Kilosa wahandisi walifuata bonde la mto Mkondoa, wakaendelea na Kinyasungwe hadi Gulwe na kuelekea Dodoma. Mpwapwa ikaachwa kaskazini ya reli, chini kidogo ya kilomita 20 kutoka kituo cha Gulwe.

Umbali huo unaonekana mdogo kwa mwenye pikipiki leo. Kwa mfanyabiashara wa mwaka 1910 ulitosha kumfanya ahamishe duka. Misafara ya wapagazi ilikufa, Marenga Mkali ikavukwa kwa saa chache ndani ya behewa, na maji ya Mpwapwa hayakuwa tena kitu ambacho kila msafiri alikihitaji. Dodoma, iliyokuwa kijiji, ikapata stesheni na ofisi za serikali, na baadaye ikawa makao makuu ya jimbo.

Vita Kuu ya Kwanza vilipofika, majeshi ya upande wa Uingereza yaliingia Dodoma mwishoni mwa Julai 1916 na Mpwapwa mwezi Agosti. Pande zote mbili zilichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mvua zilipokosekana baada ya hapo, Ugogo ikaingia katika njaa kubwa ambayo wazee waliiita Mtunya. Watu wengi walikufa na wengine walihama. Ukitafuta kwa nini wilaya za katikati zilikuwa na watu wachache miaka ya 1920, usiiache Mtunya nje ya hesabu.

MJI WA SHULE NA NG'OMBE

Mpwapwa haikufa baada ya kuachwa na reli, ila kazi yake ilibadilika. Kutoka kituo cha njiani ikawa mahali pa kufundisha na kufanya utafiti.

Wajerumani walianzisha hapo maabara ya mifugo mwaka 1905, na Waingereza wakaiendeleza. Katika miaka ya 1940 na 1950 wataalamu walizalisha aina mpya ya ng'ombe kwa kuchanganya damu za Sahiwal na Red Sindhi kutoka bara Hindi, ng'ombe wetu wa asili na aina nyingine. Walitaka ng'ombe wa maziwa na nyama anayevumilia ukame na malisho haba. Wakamwita ng'ombe wa Mpwapwa, na ndivyo anavyojulikana hadi leo. Kazi hiyo sasa iko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania, TALIRI.

Shule ya kufundisha walimu nayo ilijengwa katika miaka ya 1920, na Chuo cha Ualimu Mpwapwa kimetoa walimu waliofundisha katika pembe nyingi za nchi. Mzee anayesema "mimi nilisoma Mpwapwa" huenda si mtu wa Mpwapwa kabisa. Alikuja akiwa kijana, akasoma miaka miwili mitatu, akapangiwa kazi kwingine. Hiyo nayo ni sababu mji una jina kubwa kuliko idadi ya watu wake.

Jirani yake Kongwa, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya wilaya ya Mpwapwa, ilipata kishindo cha aina nyingine. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza hapo mradi mkubwa wa karanga, ikajenga hata tawi la reli kutoka Msagali. Udongo ulikuwa mgumu na mvua ilikuwa haba. Mwaka 1951 mradi ukafungwa kwa hasara ya mamilioni ya pauni, na baadaye reli ile ikang'olewa.

UNA WATU WANGAPI?

Tangu uhuru Tanzania Bara imehesabu watu miaka ya 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Matokeo matatu ya mwisho kwa wilaya ya Mpwapwa ni haya:

Mwaka 2002: watu 254,500
Mwaka 2012: watu 305,056
Mwaka 2022: watu 403,247

Kabla ya kuzitumia namba hizi, kuna mambo mawili ya kuangalia.

La kwanza, hizi ni namba za wilaya nzima. Humo wamo wa mjini, wa Gulwe na Godegode kwenye reli, wa Kibakwe na Rudi, wakulima wa vitunguu wa Malolo na Lumuma, na wavuvi wa Mtera kule kwenye bwawa. Mji wenyewe ni kata chache tu kati ya kata zote hizo, na wakazi wake ni sehemu ndogo ya jumla. Ukisikia mtu anasema mji wa Mpwapwa una watu laki nne, ujue amesoma namba ya wilaya.

La pili, mipaka imebadilika. Kongwa ilitengwa na kuwa wilaya yake katika miaka ya 1990. Kwa hiyo ukichukua namba ya Mpwapwa ya mwaka 1988 ukailinganisha na ya 2002, utadhani watu wamepungua, kumbe wamehesabiwa upande mwingine wa mpaka. Linganisha miaka ambayo mipaka ni ile ile.

Tukifanya hivyo tunaona jambo la maana. Kati ya 2012 na 2022 wilaya ya Mpwapwa iliongezeka kwa asilimia 32 hivi. Katika kipindi hicho hicho Tanzania nzima iliongezeka kwa asilimia 37, kutoka watu 44,928,923 hadi 61,741,120. Mkoa wa Dodoma uliongezeka kwa asilimia 48, na Jiji la Dodoma kwa asilimia 86, kutoka 410,956 hadi 765,179.

Maana yake ni kwamba Mpwapwa inakua, lakini polepole kuliko nchi, na polepole zaidi kuliko jiji lililo jirani. Uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulichukua miaka mingi kutekelezwa. Serikali ilipohamia kwa nguvu baada ya 2016, ujenzi, ofisi na biashara vilivuta vijana kutoka wilaya zote za mkoa. Kijana wa Mpwapwa anayefanya kazi ya ujenzi mjini Dodoma na akalala huko usiku wa sensa, anahesabiwa Dodoma. Nyumbani shamba linabaki na wazazi na watoto.

Namba hizi si mapambo. Serikali hugawa sehemu ya fedha za afya, elimu na maji kwa kuangalia idadi ya watu. Kaya isiyohesabiwa inapunguza dawa katika zahanati ya kijiji chake.

MAJI YALE YALE, LEO

Kama maji ndiyo yaliyouzaa mji, basi hali ya milima na bonde ndiyo itakayoamua mji utakuwaje. Na hapa Mpwapwa ina somo lake lenyewe, lililopimwa katika ardhi yake.

Katika miaka ya 1930 mtafiti R. R. Staples alitenga vipande vya ardhi ya mteremko Mpwapwa na kupima mvua inayopotea. Pale ambapo ardhi iliachwa wazi bila kitu, karibu nusu ya maji ya mvua yalitiririka na kuondoka na udongo mwingi. Shamba la nafaka lilipoteza karibu robo ya mvua. Palipokuwa na majani, kiasi kilichopotea hakikufika asilimia 2, na chini ya kichaka kisicholishwa mifugo hakikufika hata asilimia 1. Vipimo hivyo ni miongoni mwa vya mwanzo vya aina yake Afrika, na bado hutajwa na wataalamu wa udongo duniani.

Tafsiri yake kwa mkulima ni rahisi. Mlima ukivaliwa na miti na majani, mvua huzama na kutoka polepole kwenye kijito hadi kiangazi. Mlima ukiwa uchi, mvua hushuka kwa siku moja kama mafuriko, na mwezi unaofuata unachimba mchanga kutafuta maji.

Udongo unaoshuka hauishii mjini. Hufika Kinyasungwe, mto ambao hukusanya pia maji yanayopita bwawa la Hombolo, kaskazini mashariki ya Jiji la Dodoma. Mchanga hujaza mkondo, mto hutafuta njia mpya, na mara nyingi njia hiyo ni tuta la reli. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliharibu vibaya reli kati ya Gulwe na Kilosa, yakasimamisha treni kwa miezi kadhaa na kuwaacha maelfu ya watu wa Kilosa bila makazi. Baada ya Kilosa maji hayo huingia mto Wami na kwenda baharini. Jembe linalolima mteremko wa Mpwapwa lina uhusiano na nyumba iliyo kando ya Mkondoa.

Reli ya kisasa ya SGR nayo imefuata bonde lile lile. Safari za abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma zilianza Julai 2024, na Gulwe ni moja ya vituo vya njia hiyo. Kwa mara nyingine mji unatazama usafiri mkubwa ukipita kusini kwake. Tofauti ya sasa ni kwamba pikipiki na basi dogo hufuta umbali wa Gulwe kwa muda mfupi, kama barabara ni nzuri. Mwenye vitunguu, maziwa au mbuzi wa kuuza anaweza kunufaika na reli ambayo babu yake aliiona ikimwacha.

Kwa hiyo anayetaka kujua Mpwapwa inaelekea wapi ana vitu vitatu vya kufuatilia: barabara kati ya mji na Gulwe, matokeo ya sensa inayotarajiwa mwaka 2032, na rangi ya milima ya Kiboriani mwezi Oktoba, wakati kiangazi kimekolea. Kati ya hivyo vitatu, milima ndiyo iliyo mikononi mwa wanavijiji wenyewe, na kazi yake haingoji bajeti ya mtu.